Mdogo wangu asema yeye ni mwanamke, na ami ataka aozwe

"Assalaam aleikum. Naandika kutoka Lamu, mtaa wa Langoni. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 19 na amemaliza sekondari. Tangu utotoni alipenda kukaa nasi wasichana na kujifunga leso zetu, nasi tukicheka tu. Mwezi uliopita aliniita darini usiku akanambia kwamba yeye ni mwanamke, alijijua hivyo tangu mdogo, na amechoka kujificha. Baba ni fundi wa milango, mtu wa msikitini. Hajaambiwa lakini ameanza kushuku. Ami asema ni jini mahaba, na ameshampeleka kusomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani. Jirani asema ni watalii na simu. Sasa ami ataka aozwe haraka, au apelekwe bara kwenye kituo cha kurekebisha tabia. Mdogo wangu amenionyesha habari za Audrey Mbugua, za mwanamke wa Iran aliyeruhusiwa na Khomeini, na za Mmarekani mmoja wa zamani. Je, ni kweli au ni uongo wa mtandao? Ni ugonjwa? Dawa ipo? Wiki jana nilikuta vidonge vya kupanga uzazi chini ya godoro lake. Na juzi alinambia, 'Bora nife, mpumzike.' Nifanye nini?"

Waaleikum salaam, dada. Umeuliza mengi na nitayajibu, lakini naanza na hilo uliloliweka mwisho. Mtu akisema "bora nife, mpumzike", hatumngoji apoe. Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Umefikiria kwa njia gani? Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Mara nyingi humtua mzigo, kwa kuwa amepata mtu asiyeshtuka. Akisema ana mpango, au ameshaweka kitu tayari, asilale peke yake usiku huo. Toa nyumbani dawa ya panya, dawa za shamba na vidonge vilivyolimbikizwa, na umpeleke hospitali. Mkiwa hapo mjini, King Fahd. Familia nyingi husita kwa hofu ya polisi, kwa sababu sheria yetu ya zamani ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo hofu hiyo isiwazuie, wala aibu ya kuonekana langoni.

La pili ni vile vidonge. Usivitupe kwa hasira wala usimgombeze. Ataficha vizuri zaidi, na hutajua tena anakula nini. Muulize anameza vingapi, tangu lini, na kama anavuta sigara. Vidonge vingi vya kupanga uzazi vina estrojeni ya kutengenezwa maabara, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, na anayetafuta mwili wa kike humeza vingi kwa mpigo akidhani atafika mapema. Hafiki mapema. Vingine havina estrojeni kabisa, kwa hiyo humpa madhara bila hata kile anachokitafuta. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikimbana ghafla, pumzi ikakatika, au akakohoa damu, ni hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ukweli wa alichokunywa. Hii ni hatari iliyo karibu nanyi kuliko mengine yote anayoyasema ami.

Sasa swali lako la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022, liliitoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Haikufutwa, kwa sababu wako wanaohitaji tabibu, na mtu asiyeandikwa popote hatibiwi. Kilichokataliwa ni ile dhana kwamba akili zake zimeharibika. Dhiki anayo, na dhiki hiyo hutibika. Namna anavyojijua haina dawa ya kuigeuza.

Kuna mambo matatu ambayo barazani hufanywa moja. La kwanza ni mwili aliozaliwa nao. La pili ni jinsi mtu anavyojijua ndani kuwa ni mume au mke, na hilo watoto wengi wanaweza kulitamka wakiwa na miaka mitatu au minne. La tatu ni anayemvutia kimapenzi. Kwa watu wengi la kwanza na la pili hukubaliana, ndiyo maana hawajawahi hata kujiuliza. Kwa wachache hayakubaliani. Hao siku hizi huitwa watu transjenda, na la tatu kwao ni swali jingine kabisa ambalo wewe huna haja ya kuliuliza. Balehe ndiyo huja na mateso: sauti inavunjika, ndevu zinaota, na kila asubuhi kioo kinamwonyesha mtu mwingine. Wengi hunyamaza miaka hiyo yote, kisha wakifika umri wa mdogo wako wanasema au wanavunjika.

Nikutahadharishe pia upande wa pili. Zile leso za utotoni peke yake si ushahidi. Wavulana wengi hucheza na dada zao, hujifunga leso, na wakakua wanaume wasio na mgogoro wowote. Anachokitazama mtaalamu ni neno linalodumu miaka, linalosemwa na mwenyewe na si la kuambiwa, na dhiki inayoandamana nalo. Kwa maelezo yako mdogo wako anaelekea huko, lakini mimi sijamwona. Anastahili vikao kadhaa na mtu atakayemsikiliza bila kumsukuma mbele wala kumvuta nyuma.

Chanzo chake? Sayansi haijapata sababu moja. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba urithi una sehemu yake, na hakuna ushahidi kwamba mama alidekeza au baba alikuwa mkali mno. Mwambie mama yako hilo, maana najua analia usiku akihesabu makosa yake.

Ama watalii na simu: nenda nyuma zaidi ya watalii. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim wanatajwa *mukhannathun* wa Madina, wanaume wenye hali za kike, tena mmoja wao alikuwa akiingia kwa wake za Mtume mpaka alipokatazwa kwa maneno aliyoyasema kuhusu umbo la mwanamke. Imamu Nawawi, wa madhehebu yetu hii ya Shafi, aliyefariki mwaka 1277, alipoisherehesha Sahihi Muslim aligawanya watu hao mafungu mawili. Fungu la kwanza ni aliyeumbwa hivyo, asiyejitia mwenyewe. Huyo, asema, hana lawama wala dhambi. Fungu la pili ni anayejigeuza kusudi, naye ndiye anayeshutumiwa. Simu gani ilikuwako Dameski, alikoishi Nawawi, wakati huo? Simu haikumfanya mdogo wako awe alivyo. Ilimwonyesha tu kwamba hayuko peke yake.

Mimi si sheikh, na sitakudanganya ili nikufurahishe. Nawawi hakuzungumzia dawa za homoni wala upasuaji, na wengi wa ulamaa wa Kisuni leo hawaruhusu upasuaji kwa mtu ambaye mwili wake si wa huntha. Lakini kati ya "upasuaji hauruhusiwi" na "mtoto huyu ana jini, apigwe" kuna bahari nzima, na familia nyingi huivuka kwa hatua moja bila kutazama chini.

Na kwa kuwa nimetaja huntha: nimewaona ndugu wenye huruma wakiwaambia majirani kwamba mtoto ni huntha, wakidhani ni njia ya salama. Huntha ni mtu ambaye maumbile yenyewe ya mwili, tangu kuzaliwa, hayakukaa wazi upande mmoja. Kenya iliwahesabu watu 1,524 katika sensa ya 2019, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua. Mdogo wako akichunguzwa na daktari na asikutwe na hali hiyo, ule uongo wa huruma utamrudia kama ushahidi kwamba yote ni uongo. Uchunguzi afanyiwe, kwa ridhaa yake, lakini jibu msilibuni.

Sasa wale watu watatu wa kwenye simu. Wote ni wa kweli.

Audrey Mbugua ni Mkenya. Cheti chake cha kidato cha nne cha mwaka 2001 kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume. Akawa na elimu isiyomfaa, kwa kuwa kila alipopeleka makaratasi yake alionekana amebeba ya mtu mwingine. Baraza la Mitihani lilikataa kumbadilishia. Akaenda mahakamani, na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru apewe cheti chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Mwaka huo huo mahakama iliamuru pia chama chake cha kutetea watu transjenda kisajiliwe. Ukitazama, hakwenda kumwomba jaji apendwe. Aliomba karatasi ya kumwezesha kutafuta kazi.

Wa Iran ni Maryam Khatoon Molkara. Baada ya mapinduzi ya 1979 alifukuzwa kazi na akalazimishwa kuishi kiume. Katikati ya miaka ya 1980 alikwenda mwenyewe hadi nyumbani kwa Ayatollah Khomeini, amevaa suti ya kiume na kubeba msahafu. Walinzi wakampiga. Mwishowe aliingizwa, akasikilizwa, akatoka na barua ya kumruhusu kubadili jinsia. Alifariki mwaka 2012. Kisa ni cha ajabu, ila kipokee na mipaka yake. Kwanza, ni fatwa ya Kishia, na baba yako haimfungi. Ukimwekea mbele kama hoja utaharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Pili, Iran si pepo ya watu hawa. Nchi hiyo hiyo inawaadhibu vikali watu wa mapenzi ya jinsia moja, na wako waliosukumwa kwenye kisu ambao hawakukihitaji. Kisa kinachofanana kwa upande wa Kisuni ni cha Sally Mursi, mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1988. Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, akatoa fatwa kwamba tiba inajuzu pale tabibu anapoiona haja yake, na haijuzu kwa matamanio matupu. Kila upande uliisoma ukajiona umeshinda! Al-Azhar hata hivyo haikumrudisha darasani.

Mmarekani huyo wa zamani bila shaka ni Christine Jorgensen, na yeye ndiye ninayemtaja zaidi ninapozungumza na familia, hasa kwa sababu ya baba yake. Christine alizaliwa New York mwaka 1926, akapita jeshini, kisha mwaka 1950 akaenda Denmark kutibiwa. Huko aliwaandikia wazazi wake barua kuwaeleza kwamba sasa wana binti. Desemba 1952 gazeti likaipata habari, na dunia nzima ikajaa kwenye uwanja wa ndege kumwona alivyovaa. Baba yake alikuwa seremala, fundi wa mbao kama baba yenu. Wazazi hao hawakuwa na kitabu cha kuwaelekeza, wala sheikh, wala mtu yeyote waliyemjua ambaye mtoto wake amewahi kusema hivyo. Walimpokea, na yule baba akajenga nyumba huko Massapequa ambako Christine aliishi nao.

Umaarufu wake haukumpa mengi kama unavyodhani. Kazi aliyoipata ilikuwa ya jukwaani, watu wakilipa ili wamtazame, na mwaka 1959 alinyimwa kibali cha kuoa na kuolewa kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kilisema mwanamume. Fikiria harusi zetu. Nani hajui kwamba kwenye kesha la wanawake, Lamu, Malindi hata Mombasa, hakosi mmoja wa kiume mwenye kucheza na kupamba maharusi, na akina mama wakimshangilia? Tunapenda kusema kwamba Waswahili tuna uvumilivu wa tangu jadi. Uvumilivu huo ni wa usiku wa harusi. Asubuhi hapati wa kumpangisha chumba, wala wa kumpa kazi ya mchana, na akifa wanabishana nani amwoshe. Walichokipigania Audrey, Maryam, Sally na Christine, kila mmoja kwa nchi yake, ni cheti, darasa, kazi, na mlango wa kuingia bila kuchekwa.

Nikija kwa mapendekezo ya ami. Kusomewa Kurani kwa utulivu na kwa ridhaa yake sina neno nako, wengi huliwazika. Kufukizwa mpaka mtu akose pumzi, kunyimwa chakula, kupigwa ili jini atoke, hayo ni madhara, na mtu mwenye mawazo ya kufa humsukuma ukingoni. Kumwoza ni kuumiza wawili. Muulize ami kwa adabu kama yuko tayari kumtoa binti yake mwenyewe, akijua haya anayoyajua. Akikataa, basi amtakie nini binti wa mwenzake? Na kituo cha bara: mdogo wako ni mtu mzima wa miaka 19, na kumfungia mahali bila ridhaa yake ni kosa la jinai. Majaribio ya kumgeuza mtu anavyojijua, yawe ya fimbo au ya maneno laini, hayajathibitika kufaulu, na majeraha yake nayaona kwenye kiti kilicho mbele yangu. Mkikabiliwa na vurugu, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Kwa aliye chini ya miaka 18 ni 116.

Yaliyobaki ya kuchagua si mepesi pia. Kuvaa dera na kutoka Langoni kesho asubuhi sitamshauri. Mji ni mdogo, vichochoro vyenyewe ni vya kupishana mabega, na atakayepigwa ni yeye si mimi. Kuhamia Mombasa au Nairobi kunampa kutojulikana, ila akienda bila fani na bila jamaa ataishia mikononi mwa watu wanaongoja vijana wa namna hiyo. Aende na chuo, au na ufundi, na nyumba ya kufikia. Homoni zipo kwa madaktari wachache, hasa Nairobi, kwa gharama si ndogo na kwa kupimwa damu mara kwa mara. Ajue mapema zinachofanya: matiti huanza kuota baada ya miezi mitatu hadi sita, lakini sauti iliyokwisha vunjika hairudi, ndevu haziondoki kwa dawa hizo, na uwezo wa kuzaa unaweza kupotea moja kwa moja. Wako wanaozitaka wakijua yote hayo, na wako wanaotulia kwa jina tu na kwa watu wawili watatu wanaowajua. Hana haja ya kuamua akiwa na miaka 19 chini ya vitisho vya ami.

Kisheria, kuwa transjenda si kosa Kenya. Vifungu 162 na 165 vya sheria ya jinai, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinahusu vitendo vya kimapenzi vya kimwili, ingawa askari wengine hawajali tofauti hiyo. Jina linaweza kubadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) inayosajiliwa, na kitambulisho kikafuata. Alama ya jinsia ndiyo bado ngumu, hakuna sheria iliyoeleza njia yake. Kama atabadili jina, wakili ashughulikie na cheti cha shule mapema, asisumbuke miaka kama Audrey.

Kuhusu baba yenu: usimwambie mpaka mdogo wako akuruhusu. Siri ni yake. Akikuruhusu, tafuta kwanza mtu mmoja ambaye baba humheshimu na asiye na papara, awe sheikh au mzee wa mtaani, umpe yale maneno ya Nawawi ayasome mwenyewe kitabuni. Chagua siku isiyo ya kazi nyingi, na usimwendee mkiwa na ami. Wala usimtake baba akubali, aelewe, au abadilishe namna anavyomwita. Mwombe jambo moja tu, asimfukuze. Mengine huja polepole au hayaji, ila kijana aliyetupwa nje ndiye ninayemwogopea zaidi kuliko aliyenuniwa ndani. Na kwa kuwa hujui baba atapokeaje, kabla ya mazungumzo hayo zungumza na hale au jamaa mwingine wa Malindi ambaye anaweza kumpokea wiki mbili.

Kuonana na mtu ana kwa ana ni lazima kwa hali yenu. Majibu ya maandishi kama haya hayatoshi palipo na neno la kufa. Najua Lamu muuguzi anaweza kuwa bintami yako, basi kama si dharura, njooni Malindi au Mombasa, na mnayemwendea mumuulize kama amesajiliwa kwa sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Swali la pili mumuulize ni kama kazi yake ni kumgeuza au kumsikiliza. Akisema kumgeuza, chukueni boti mrudi. Mdogo wako akikataa kuja, njoo wewe peke yako kwanza, na ulete ile pakiti ya vidonge nione ni vya aina gani.